Kuchagua Vipimio vya RIPE Atlas na Kuvipa Majina

Wenzangu, mtu akitaka kupima intaneti ya Kenya kupitia RIPE Atlas, mfumo wa vipimio (vifaa vidogo vya kupima mtandao vinavyochomekwa na watu wa kujitolea), mara nyingi huandika KE, alama ya Kenya, idadi 10, kisha anabofya. Kipimo kimeshaharibika hapo. Mfumo utampa vipimio kumi, lakini hakuna kinachozuia saba kukaa ndani ya mtandao mmoja, au kwenye vyumba vya seva. Wanaojitolea kuvichomeka wengi ni mafundi wa mitandao, nao hukichomeka walipo. Atapata milisekunde ambazo mteja wa nyumbani hajawahi kuziona.

Anza na namba ya mtandao, ASN: vipimio viwili au vitatu kwa kila mtandao. Kisha tumia lebo, maneno mafupi yanayoeleza kipimio. Zinazoanza na system huwekwa na mfumo wenyewe, na hapa watu hukosea sana: system-ipv6-capable inasema kipimio kimepewa anwani ya IPv6 (aina mpya ya anwani za intaneti) tu, ilhali system-ipv6-works inasema kimefika nje kweli. Unapopima IPv6, dai hiyo ya pili. Unapolinganisha tofauti ndogo za muda, ondoa system-v1 na system-v2. Vifaa hivyo vya zamani vina nguvu kidogo, na vikielemewa hurefusha majibu.

Lebo kama home (nyumbani), nat (nyuma ya ruta yenye anwani moja ya pamoja) na fibre huwekwa na mwenyeji, yaani aliyekichomeka kipimio, nazo hazijirekebishi. Vivyo hivyo mahali kwenye ramani. Kipimio kikihamishwa kutoka Arusha kwenda Mombasa, ASN itabadilika yenyewe, lakini nchi inaweza kubaki TZ mpaka mwenyeji aingie kurekebisha. ASN ya Kenya chini ya TZ? Kiache kwanza.

Jina sasa. Kipimio hutambulika kwa namba. Maelezo yake ni ya mwenyeji. Vile vikubwa, anka (anchor), vina majina kama nl-ams-as3333: nchi, mji, mtandao. Mpangilio huo ni mzuri, uigeni: tz-arusha-fiber-nyumbani. Mtaa na namba ya nyumba msiandike kamwe! Ramani husogeza eneo hadi kilomita 1 kwa makusudi, kulinda mwenyeji. Maelezo yanasomwa na kila mtu.

Mkirudia kipimo mwezi ujao, msichague upya kwa nchi. Chagueni kwa namba ya kipimo kilichotangulia, mfumo utumie vipimio vilevile. Kilichozimika, kiandikeni pembeni kabla ya kulinganisha wastani.