Mtaa Usiokuwa na Baraza

Ndugu wasikilizaji, najua baadhi yenu mmechoka kunisikia nikilisema hili, lakini nitalisema tena, kwa sababu ramani za mitaa mipya ya Zanzibar bado zinapitishwa bila ya baraza, yaani pahala pa kukaa watu mbele ya nyumba.

Tazameni Michenzani, hapa mjini Unguja. Serikali ya Mapinduzi, kwa msaada wa wataalamu wa Ujerumani Mashariki, ilibomoa nyumba za udongo ikasimamisha majumba ya ghorofa, mengine yakinyooka kando ya barabara karibu mita 300, ili mnyonge naye apate umeme, maji ya mfereji na choo cha ndani. Asiniambie mtu kuwa nayadharau. Waliohamia walikuwa na haki ya kufurahi. Lakini mbele ya nyumba ya zamani palikuwa na baraza ya kimo cha goti, saruji yake imelainika kwa kukaliwa, na nyuma palikuwa na ua ambao wanawake walipitia kwenda kwa jirani bila ya kutokea barabarani. Ghorofani havikuchorwa vyote viwili. Akifa mtu juu huko, jeneza huteremshwa kwa kuinamishwa kwenye kila kona ya ngazi, na waliokuja kuzika husubiri chini wakiwa wamesimama juani. Wakaazi wenyewe ndio waliotia matofali na mbao chini ya miti, baina ya jumba na jumba, wakapata pa kukaa, pa kuchezea bao na pa kunywea kahawa.

Atasema mtu kuwa siku hizi simu inatosha. Simu hutangaza msiba, tena upesi, lakini kaburi halichimbwi kwa ujumbe.

Sensa ya 2012 ilituhesabu Wazanzibari 1,303,569, na ya 2022 watu 1,889,773; takriban nusu ya ongezeko hilo limeangukia Mkoa wa Mjini Magharibi. Huko Fuoni na Kwarara mwenye kiwanja huanza na ukuta, nyumba baadaye, na sheha, kiongozi wa mtaa, hugonga geti asifunguliwe.

Kwa leo nataka jambo moja tu: ramani ya mtaa isipitishwe mpaka mchoraji aoneshe kwa kidole wapi wanaume watakaa usiku wa msiba, na wapi wanawake watateleka masufuria.