Mita Mbili za Mwisho: Kuzuia Vifo vya Majini katika Mbio za Mashua Zenye Matanga

Ndugu manahodha na mabaharia, tuanze na hesabu. Mashua inayokwenda kwa kasi ya noti 8 hukata mita 4 kila sekunde. Mkibabaika dakika moja, mwenzenu aliyeanguka yuko mita 250 nyuma, na kichwa cha mtu katikati ya mawimbi ya mita 2 si rahisi kukiona tena. Maji yakiwa chini ya nyuzi 15 za Selsiasi, mtu akitumbukia hutweta bila kupenda. Kichwa kikiwa chini wakati huo, anavuta maji. Akivuka dakika hizo mbili tatu za mwanzo, katika maji baridi sana hubakiwa na kama dakika 10 kabla mikono na miguu haijakataa kazi, awe hodari wa kuogelea kiasi gani. Baridi yenyewe huchelewa kuua. Wengi hufa maji mapema zaidi, huku mashua yao ikionekana.

Kwa hiyo jaketi la kujiokolea livaliwe kabla ya kung'oa nanga. Liwe la Newtoni 150 (kipimo cha nguvu ya kumwelesha mtu), lenye taa, kifuniko cha uso na mkanda wa mapajani. Mkanda huo ndio unaopuuzwa kuliko vyote, nao ukikosekana jaketi likijaa hupanda hadi masikioni na mdomo ukabaki majini. Kila msimu lifunguliwe, lipulizwe kwa mdomo, liachwe usiku kucha, likinywea, halifai. Silinda ya gesi ipimwe kwenye mizani na kulinganishwa na uzito uliochapwa juu yake, kisha ikazwe kwa mkono hadi mwisho. Mtikisiko wa safari huilegeza, na silinda iliyolegea huenda isijaze jaketi.

Sasa kamba ya usalama, ile inayomshikiza baharia kwenye mashua, ambayo nataka tuitazame kwa makini. Juni 2011, katika mlango bahari wa Uingereza na Ufaransa, nahodha wa mashua Lion alianguka akiwa amejifunga barabara. Kamba haikukatika. Aliburutwa ubavuni mwa mashua, akafa maji akiwa bado ameshikizwa. Kamba ya mita 2 inampa mtu uhuru wa kutembea, na uhuru huohuo unamfikisha majini. Tumieni ile ya mita 1 kila inapowezekana, na kamba ndefu ya kujishikiza ilazwe katikati ya sitaha, iishie kabla ya kufika tezini.

Kulabu ya kamba hiyo nayo hushindwa na mvuto wa upande. Mwaka 2017, katika mbio za Clipper za kuzunguka dunia, kulabu ya baharia ilinasa chini ya chuma cha kufungia kamba, ikapinda, ikafunguka. Kagueni sitaha yenu chuma kwa chuma: ni wapi kulabu inaweza kunasa?

Mtu akiburutwa, simamisheni mashua kwanza. Geuzeni omo upepo uliko, legezeni demani (kamba ya kurekebisha tanga), kasi iishe. Kumvuta kwa mikono mashua ikikimbia ni kupoteza sekunde zake za mwisho. Aliyeachana kabisa na mashua apewe mtu mmoja wa kumwonyesha kwa kidole bila kubandua macho, huku mwenzake akitupa boya na mwingine akiita Mayday, wito wa hatari, kwenye chaneli 16 ya redio. Wala asiwepo wa kuogopa kupoteza nafasi: Kanuni ya 1.1 ya kanuni za kimataifa za mbio za matanga inaamuru kila mashua itoe msaada wote inaoweza kwa aliye hatarini, na anayesaidia mashua nyingine anaweza kudai fidia ya muda wake.

Mtu aliyelowa haokotwi kwa mikono. Shusheni henza (kamba ya kupandishia tanga), ishikizeni kwenye mikanda ya kifuani, mzungushe winchi. Aliyekaa majini muda mrefu anyanyuliwe akiwa amelala, ikiwa mna vifaa, kwani akiinuliwa wima shinikizo la damu linaweza kuporomoka. Asipopumua, mpeni pumzi 5 kwanza, halafu mikandamizo 30 ya kifua kwa kila pumzi 2, palepale sitahani, bila kusubiri bandari.