Mchanga, maji na udi: upepo wa bahari ndani ya boksi

Habari zenu. Wavuvi wa ngalawa hutoka alfajiri kwa umande, yaani upepo unaotoka bara, na alasiri upepo wa baharini huwarudisha. Kusi likikaza hilo halionekani vizuri, lakini siku tulivu utalihisi shavuni. Leo tuutengeneze upepo huo mezani.

Chukua bakuli mbili za bati zinazolingana. Moja tia mchanga, nyingine maji, kimo kilekile. Mchanga uwe mkavu kabisa! Mara ya kwanza nilichota wa ufukweni, ungali mbichi, vipimo vikakaribiana. Kumbe nilikuwa napasha maji kwenye bakuli zote mbili.

Ziache kivulini mpaka zilingane joto. Chomeka kipimajoto katika kila moja, sentimita 1 chini ya uso. Cha kupimia homa hakifai, kinaanzia nyuzi 35 hivi. Saa sita mchana zitoe juani, usome kila dakika 10.

Mchanga huo unapanda, maji yanajivuta. Kupandisha kilo 1 ya maji kwa nyuzi 1 ya Selsiasi kunataka jouli (kipimo cha nishati) 4,200 hivi; mchanga mkavu hutosheka na 800 hivi. Molekuli za maji zimeshikana kwa vifungo vya haidrojeni, na joto jingi huishia kuvilegeza vifungo hivyo. Ukizirudisha kivulini, mchanga ndio utakaotangulia kupoa.

Sasa upepo wenyewe. Tafuta boksi la plastiki linaloonyesha ndani, lenye kifuniko. Pasha mchanga kwenye kikaango mpaka uwe moto kiasi, usiunguze plastiki, urudishe bakulini na uuweke upande mmoja. Upande wa pili weka maji ya barafu. Washa kijiti cha udi, kilaze chini karibu na barafu, kwa sababu moshi wake una joto na hupenda kupanda wenyewe. Zima feni. Funika.

Sogeza macho. Moshi unatambaa chini kuelekea mchangani, ukifika hapo unainuka, halafu unarudi juu kwa juu upande wa barafu. Hewa ya mchangani imepata joto, imekuwa nyepesi na kupanda. Ya baridi inajaza nafasi yake. Hapo ni alasiri.

Tufanye usiku. Toa zote mbili. Weka mchanga uliolala kwenye friji, na maji ya uvuguvugu. Hamishia udi upande wa mchanga, funika, subiri dakika mbili.

Tazama moshi unakokwenda: majini. Huo ndio umande.