Tovuti ya kutafuta mimea: mwembe, ubuyu na ule mng'ongo ulioniangusha

Habari zenu, karibuni tena. Leo tunatengeneza tovuti ndogo ya mimea: mtu anaandika jina kwenye simu, anapata picha, familia na matumizi. Tunatumia lugha ya Python, Flask ya kujengea tovuti na SQLite ya kuhifadhi data. Kama hujaweka Flask, simamisha video, andika pip install flask, kisha urudi.

Kabla ya kugusa kodi, chukua karatasi na kalamu. Ndiyo, karatasi. Andika mti mmoja unaoujua, halafu majina yake yote. Mimi nina mwarobaini. Wapo wanaoandika muarobaini, wapo wa mwarubaini, pwani ya Kenya utasikia mkilifi, na wataalamu wanauita Azadirachta indica. Mti mmoja, majina matano. Ukiweka safu moja tu ya jina, hayo manne utayapeleka wapi?

Kwa hiyo majedwali ni mawili. La kwanza ni mimea: id, familia, matumizi, picha. La pili ni majina: jina, lugha, aina, na id ya mmea wenyewe. Humo tia hata majina ya kisayansi yaliyoachwa. Mvule leo ni Milicia excelsa, lakini vitabu vya zamani vinauita Chlorophora excelsa, na mwenye kitabu hicho naye atakuja kutafuta.

Sasa utafutaji. Mafunzo mengi hukuelekeza utafute kwa mwanzo wa neno. Kwa Kiswahili hapo umekwama, maana maneno yetu hugeukia mbele: mwembe, miembe, embe, maembe. Kuanzia toleo la 3.34, SQLite ina dawa yake ndani ya FTS5, sehemu yake ya kutafuta maneno. Andika hivi, upate jedwali la tatu, tafuta, la kuwekea nakala ya majina kwa ajili ya kutafutia tu:

CREATE VIRTUAL TABLE tafuta USING fts5(jina, mmea_id UNINDEXED, tokenize='trigram');

Neno linakatwa vipande vya herufi tatu tatu. Mwembe inakuwa mwe, wem, emb, mbe. Mtu akiandika embe, vipande viwili vya mwisho vinamtosha, mti unatokea. Ila herufi mbili hazifanyi kazi. Na ubuyu haumo ndani ya mbuyu, kwa hiyo uingize kwenye majina, aina yake tunda.

Kwenye kodi ya kutafuta, usisahau DISTINCT, neno la kuondoa marudio, katika mmea_id, la sivyo mwembe utajitokeza mara tatu kama mgeni wa harusi.

Hapa ndipo nilipopoteza jioni nzima. Niliandika mng'ongo, tovuti ikaanguka. Kosa lilikuwa ile ritifaa, yaani alama ya ' katikati ya neno: FTS5 haiipokei ikiwa wazi namna hiyo. Nikairekebisha, nikajaribu kwa simu, sikupata kitu! Kumbe simu yangu inaandika ritifaa iliyopinda, na kwenye hifadhidata nimeweka iliyonyooka. Basi futa zote mbili, wakati wa kuingiza kwenye tafuta na wakati wa kutafuta, kisha neno lizungushie alama za nukuu mbili kabla ya kulipeleka kwa alama ya kuuliza (?), ile inayoshika nafasi ya neno katika amri ya SQLite. Kwenye jedwali la majina acha mng'ongo kamili, ndiyo watu watakayoiona.

Ukurasa wenyewe hauna mengi: kisanduku juu, kadi chini, picha zipunguzwe uzito ili bando la mtu lisiishie kwenye mbuyu mmoja.

Washa kwa flask run, fungua kivinjari, andika embe. Halafu mpe simu mtu mzima wa nyumbani. Shangazi yangu aliandika jina ambalo sijawahi kulisikia, hakupata kitu, akaniangalia. Nikaongeza mstari mmoja kwenye majina na kwenye tafuta, akaandika tena. Kodi sikuigusa.