Gould wa 1955 na Gould wa 1981

Haya, tukae tuanze. Nitarudia lile lile ninalolisema kila nikipewa maiki: ukiwa na rekodi moja tu ya kazi ya Bach, yule mtunzi Mjerumani, bado hujaisikia hiyo kazi, umemsikia mpigaji mmoja, siku moja, basi.

Goldberg Variations mnaijua, ile kazi ya Bach yenye aria, yaani kipande kifupi cha mwanzo, na vipande 30 vinavyoifuata, siwaelezi zaidi. Glenn Gould, mpiga piano wa Kanada, kairekodi New York Juni 1955, kijana wa miaka 22, akaja kuirekodi tena 1981 studio ile ile, ana miaka 48. Ya kwanza inaenda kama dakika 38, ya pili 51. Sasa hapo ndipo watu wananikera, mtu anasoma namba nyuma ya kava anasema "aah, umri umekwenda, kapunguza mwendo". Hapana jamani! Umesikiliza au umesoma kava? Ile ya 1955, zile sehemu alizoandika Bach zirudiwe, hakurudia hata moja, hii ya 1981 baadhi ya sehemu karudia, kwa hiyo dakika nyingine zimetoka huko, sio kwenye mwendo. Ukitaka kupima mwendo wenyewe chukua aria ya mwanzo, maana hiyo kote kote hakurudia kitu: 1955 haifiki dakika 2, 1981 inagonga dakika 3. Hapo sasa tuongee.

Na msikilize vipi? Noti mbili za kwanza ni ile ile, imepigwa mara mbili. 1955 zinafuatana tu, anawahi mbele. 1981 anaiacha ya kwanza, unausikia waya wa piano unafifia, unafifia, ndo anaipiga ya pili, na chini yake mkono wa kushoto unausikia kila hatua, na huo mkono wa kushoto ndio msingi ambao vipande vyote 30 vinajengwa juu yake, sio ule wimbo wa juu. Shemeji yangu nilimchezea zote mbili bila kumwambia kitu, akakaa kimya, akaniuliza, "huyu wa pili ndo baba yake?"

Najua kuna mtu atasema mbona Gould anaimba kichinichini huku anapiga, si anaharibu? Mimi haniharibii. Nikimfuata kwa ile sauti yake najua sentensi inaanzia wapi na anataka iishie wapi.

Atasema mwingine huo si muziki wetu. Una masikio? Ni wako.

Muda unaniishia, haraka haraka: sawazisheni sauti kabla ya kulinganisha, rekodi ikiwa juu kidogo tu utaiona nzuri zaidi, na hapo umeshadanganyika. Na Wanda Landowska naye kairekodi kazi hii hii, 1933, kwa hapsikodi, ile ala ya zamani inayofanana na piano lakini nyuzi zake zinadonolewa, mtafuteni wenyewe, siwezi kuingia huko leo.

Kijana wa spika, weka aria ya 1955, ikiisha unganisha ya 1981 hapo hapo. Simu zimeni.