Kabla ya Kadi ya Mgao: Mapokezi ya Wakimbizi Wapya Dadaab Mwaka 2011

Mabibi na mabwana,

Katika shughuli zote za misaada kambini, nimechagua kuzungumzia kipindi kimoja kifupi, yaani kile kinachoanza mkimbizi anapowasili na kwisha anapokabidhiwa kadi ya mgao wa chakula. Naamini kipindi hicho huamua uhai wa watoto wengi kuliko mipango yote inayofuata.

Kambi za Dadaab, katika eneo la Garissa nchini Kenya, zilianza mwaka 1991 baada ya serikali ya Siad Barre nchini Somalia kuanguka, na zile tatu za awali, Ifo, Dagahaley na Hagadera, zilikusudiwa watu 90,000 kwa jumla. Kufikia katikati ya mwaka 2011, ukame na vita vilipowafukuza watu kusini mwa Somalia, wakazi wa kambi hizo walikuwa wamekaribia 400,000, na zipo siku ambazo zaidi ya watu 1,000 waliwasili. Tarehe 20 Julai mwaka huo Umoja wa Mataifa ulitangaza baa la njaa katika sehemu za mikoa ya Bakool na Shabelle ya Chini, huko huko Somalia.

Kituo cha mapokezi cha Liboi, karibu na mpaka, kilikuwa kimefungwa tangu Kenya ilipofunga mpaka wake mwaka 2007. Kwa hiyo familia iliyokwisha kutembea majuma kadhaa ililazimika kuongeza takriban kilomita 80 kabla mtoto hajaonwa na muuguzi. Kwa maoni yangu, hakuna uamuzi wa kiutawala uliowagharimu wageni hao kuliko huo.

Hapo mapokezini, kifaa chenye thamani kuu ni mkanda wa kupimia mzingo wa mkono. Mtoto wa miezi sita hadi miaka mitano ambaye mkono wake haufikii milimita 115 anaangukia sehemu nyekundu ya mkanda, maana yake ana utapiamlo mkali. Akiwa bado ana hamu ya kula, na hana homa wala uvimbe mkubwa, hupewa lishe ya tiba ya karanga na kurudi kwa mama yake. Akishindwa kula, hulazwa na kunyweshwa maziwa maalumu kidogo kidogo, kila baada ya saa chache, usiku na mchana, kwa kuwa mwili uliodhoofika kiasi hicho unaweza kuuawa na chakula kingi cha ghafla. Ndiyo sababu nasisitiza kwamba mkanda na chanjo ya surua vitangulie meza ya usajili wa alama za vidole. Karani anaweza kusubiri hadi kesho, lakini mtoto huyo hawezi.

Viwanja vya makazi vilikuwa vimejaa, hivyo wageni wakajenga vibanda vya matawi na matambara pembezoni mwa Ifo na Dagahaley, mbali na mabomba na vyoo, na surua ikazuka mwaka huohuo. La kusikitisha ni kwamba eneo jipya la Ifo 2, lenye miundombinu ya maji na vyoo, lilikuwa tayari limejengwa, ila lilikaa bila watu likisubiri idhini ya serikali, ambayo ilitangazwa na Waziri Mkuu Raila Odinga alipozuru Dadaab mwezi Julai.

Mwezi Oktoba wafanyakazi wawili wa misaada walitekwa nyara kambini, na usajili wa wageni ukasimamishwa. Waliofika baada ya hapo waliishi kwa kutegemea jamaa na majirani waliokuwa na kadi, ambao mgao wao wenyewe ulipimwa kwa idadi ya watu wa nyumba zao tu. Makadirio ya chakula kambini yanapaswa kuihesabu sahani hiyo inayogawanywa, kwa sababu usajili unaposimama, wenyeji wa kambi ndio wanaobaki kuwalisha wageni.