Tapeli na Mwizi: Tofauti Iliyomo Ndani ya Neno

Ndugu wasikilizaji, tuanze na kauli mbili: "nimeibiwa" na "nimetapeliwa". Wengi huzichanganya, na neno tapeli linapoteza makali yake.

Mwizi huchukua bila ridhaa yako. Tapeli unampa mwenyewe, kwa mkono wako, pengine na shukrani juu, kwa kuwa amekuaminisha jambo lisilokuwapo: kiwanja kisicho chake, ajira hewa, mzigo ambao hautafika. Sarufi yenyewe inatuonyesha. Kitenzi iba hushika kitu: ameiba simu. Ukitaka kumtaja mtu, sharti ukinyambue: amemwibia Asha simu. Ukisema "nimeibwa", maana yake wewe ndiye uliyebebwa! Lakini tapeli humshika mtu moja kwa moja: amemtapeli Asha. Kinacholengwa kwanza ni imani ya mtu, fedha hufuata.

Katika upatanisho tunasema tapeli huyu amekamatwa, matapeli hawa wamekamatwa. Si "matapeli haya yamekamatwa", maana ni binadamu. Na irabu ya mwisho haibadiliki: asikutapeli, kamwe si "asikutapele".

Neno hili lina majirani. Muuzaji anayekupimia gramu 900 kwa bei ya kilo amekupunja. Sukari ni ya kweli, kipimo ndicho pungufu. Laghai silaha yake ni ulimi, na anaweza kukulaghai umfuate bila kukuchukulia hata senti. Ayari, yaani mjanja mdanganyifu, siku hizi utamkuta zaidi vitabuni.

Ninaposisitiza sana ni kwa mdaiwa. Aliyekopa kwa nia njema biashara ikamfia si tapeli, hata akikukimbia njiani. Kumwita hivyo ni kumvunjia heshima bure. Kipimo ni siku ile alipopokea fedha: alijua kuwa anachokuambia si kweli?

Ndiyo maana hati ya mashtaka haiandiki "utapeli", huandika "kujipatia fedha kwa njia ya udanganyifu". Hapo kuna mambo ya kuthibitisha: alisema nini, kwamba ni uongo, kwamba alijua, na kwamba ni maneno hayo yaliyokufanya utoe fedha. Basi ukifika polisi, "yule ni tapeli" haitoshi. Taja maneno yake kama alivyoyatamka, tarehe, kiasi, na namna ulivyomkabidhi. Ujumbe wa simu usiufute.